Ukuta Usiotulia: Filamu na Mabadiliko ya Picha za Mitaani

Picha iliyochorwa katika ukuta wa njiani haikai kama ilivyoachwa na mchoraji. Jua huipausha, mvua huibambua, na mchoraji mwingine huja akachora juu yake. Kwa hiyo mtu aipigaye picha mara moja kwa kamera huhifadhi siku moja tu ya maisha yake, mfano wa mwandishi aliyenakili hadithi kwa msimulizi mmoja akadhani ameipata yote. Haja yetu hapa ni kueleza jinsi filamu iwezavyo kujaza upungufu huo.

Mfano ulio bora ni MUTO, filamu ya dakika saba hivi aliyoitoa mwaka 2008 mchoraji wa Kitaliano ajulikanaye kwa jina la Blu. Kuta zake ni za Buenos Aires, katika Argentina, na Baden, katika Uswisi. Jina lenyewe lina maana mbili katika Kitaliano: "bubu", na tena "nabadilika". Njia yake ni hii: umbo lilichorwa, likapigwa picha, kisha likafunikwa kwa rangi nyeupe, likachorwa tena mbele kidogo, likapigwa picha tena. Picha hizo zionyeshwapo mfululizo, umbo huonekana likitambaa ukutani. Walakini rangi ya kufutia haikufichwa. Nyuma ya umbo hubaki mkondo wa weupe, nao ni ushahidi wa yaliyokuwapo kwanza.

Jambo hili si la ufundi tu. Katika mji wa Bologna, baadhi ya picha za mitaani zilibanduliwa kutani ili ziwekwe katika maonyesho ya mwaka 2016. Wenye maonyesho walitoa hoja ya kuziokoa zisipotee. Blu alipinga, mwezi wa Machi mwaka huo, yeye na wasaidizi wake walizipaka rangi ya kijivu picha zake mjini humo, kazi ya miaka 20 hivi.

Basi kuhifadhi ni nini? Aliyebandua alipata rangi, akapoteza mtaa. Filamu hupoteza rangi, ikashika mwendo. Lakini mabadiliko ya MUTO yalitengenezwa na mchoraji mwenyewe. Atakaye kuonyesha kazi ya jua, ya mvua na ya mikono ya wengine, hana budi kurudi mahali pale pale kwa miaka, akiandika tarehe kila mara, kama tufanyavyo sisi na nakala za tenzi.