Nguvu, Kiasi na Maelezo: Uwajibikaji wa Polisi Baada ya Matumizi ya Nguvu Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi sheria ya Kenya inavyodhibiti matumizi ya nguvu ya polisi. Hoja kuu ni kwamba uhalali wa nguvu hautegemei tu kilichotendwa wakati wa makabiliano. Unategemea pia maelezo yanayotolewa baada yake: nani anayaandika, nani anayapokea na nani anayachunguza. Ufafanuzi unaanzia kwenye Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011, kisha unatumia kesi mbili zilizoamuliwa na Mahakama Kuu. Inabainika kwamba kipimo cha nguvu kimewekwa wazi katika sheria, ilhali njia ya kuyafikia maelezo ya kweli bado inapita mikononi mwa taasisi ileile inayolalamikiwa.

1.0 Utangulizi

Katika taarifa za habari za Kiswahili, polisi wanapolalamikiwa husemwa kwamba wametumia "nguvu kupita kiasi". Kauli hii imezoeleka mno hata maana yake haiulizwi tena. Neno "kiasi" linadokeza kwamba kuna kipimo kinachojulikana, na kwamba nguvu isiyokivuka kipimo hicho ni halali. Hata hivyo, kauli hiyo haisemi kipimo chenyewe ni kipi wala ni nani anayekishika. Neno "nguvu" nalo lina upana wake. Hutaja uwezo wa mwili, mamlaka ya kisheria na pia mabavu. Askari anayemkamata mtu kwa hati ya mahakama na askari anayempiga mtu aliyekwisha kujisalimisha wote huelezwa kuwa "wametumia nguvu". Kazi ya sheria ni kuyatenganisha matendo hayo mawili.

Nchini Kenya, kazi hiyo ilipata msukumo mpya baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya kuchunguza ghasia hizo, iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliorodhesha katika ripoti yake ya mwaka 2008 vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Tume ilipendekeza kuundwa kwa chombo huru cha kupokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi. Katiba ya mwaka 2010 na sheria za polisi za mwaka 2011 zilizaliwa katika mazingira hayo.

2.0 Kipimo cha Nguvu: Ulazima na Uwiano

Msingi wa kipimo hicho umo katika Katiba. Ibara ya 26 inalinda uhai, Ibara ya 28 inalinda utu, na Ibara ya 29 inamkinga kila mtu dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa dola au kwa mtu binafsi. Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Ibara hiyo inataka pia afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama. Ibara ya 25 inaongeza kwamba uhuru dhidi ya mateso hauwezi kuwekewa mipaka kwa hali yoyote.

Ufafanuzi wa kina umo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi. Jedwali hilo linafuata kwa karibu Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Sharti lake la kwanza ni ulazima. Afisa anatakiwa kujaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na kutumia nguvu pale tu njia hizo zinaposhindwa au zisipokuwa na dalili ya kufaulu. Sharti la pili ni uwiano. Nguvu inayotumika ilingane na lengo linalokusudiwa, uzito wa kosa na ukinzani wa mtu anayekabiliwa.

Silaha za moto zina masharti makali zaidi. Zinaruhusiwa pale njia nyepesi zisipotosha, hasa kuokoa maisha au kujitetea dhidi ya tishio la karibu la kifo au jeraha baya, na afisa anatakiwa kutoa onyo kabla ya kufyatua. Marekebisho ya mwaka 2014 yalipanua sababu hizo kwa kuongeza, miongoni mwa mengine, ulinzi wa mali na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke. Upanuzi huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa uhai unawekwa kwenye mizani moja na mali.

3.0 Wajibu wa Kutoa Maelezo

Sehemu ya Jedwali la Sita inayojadiliwa kwa uchache ni ile inayohusu kinachofuata baada ya tukio. Afisa aliyetumia nguvu anatakiwa kutoa taarifa mara moja kwa mkubwa wake na kueleza mazingira yaliyomlazimu kufanya hivyo. Aliyejeruhiwa apatiwe matibabu bila kuchelewa, na jamaa zake wajulishwe. Endapo kuna kifo au jeraha baya, taarifa ipelekwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), eneo la tukio lilindwe, na ushahidi usiharibiwe. Afisa aliyevaa sare avae pia jina au nambari yake mahali panapoonekana. Amri ya mkubwa si kinga kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Masharti haya yanaonyesha kwamba sheria haikuuacha ulazima na uwiano viwe suala la dhamiri ya afisa peke yake. Kipimo hakiwezi kufanya kazi bila maelezo yanayoweza kukaguliwa. Ugumu unatokea katika mpangilio wa hatua zenyewe. Maelezo ya kwanza huandikwa na aliyetumia nguvu, hupokelewa na mkubwa wake, na huingizwa katika kitabu cha matukio cha kituo chao. Raia aliyejeruhiwa naye hutarajiwa kuripoti kituoni ili apate nambari ya tukio na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha. Anayelalamika anajikuta akiomba stakabadhi za kesi yake kwenye kaunta ya wale anaowalalamikia. IPOA huchunguza na kupendekeza, lakini uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kwa mujibu wa Ibara ya 157.

4.0 Kesi ya Kwale: Dai la Kujitetea

Mnamo Agosti 2014, msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwao katika Kaunti ya Kwale, polisi walipokuwa wakimsaka mshukiwa mwingine. Maelezo ya maafisa yalikuwa kwamba aliwashambulia kwa panga. Kama maelezo hayo yangeishia katika kitabu cha matukio, tukio lingesomeka kuwa la kujitetea na faili lingefungwa. IPOA ilichunguza, mashtaka yakafunguliwa, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo.

Kisheria, kesi hii inafundisha kwamba dai la kujitetea ndilo linaloanzisha uchunguzi wa uwiano. Halichukui nafasi yake. Kilichobadili matokeo si sheria mpya. Sheria ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba maelezo ya maafisa yalipimwa na mtu asiyekuwa mwenzao.

5.0 Kesi ya Mavoko: Mlalamikaji Anapogeuzwa Mshtakiwa

Kesi ya pili inaonyesha sura nyingine ya tatizo. Mwaka 2015, mwendeshaji wa bodaboda alisimamishwa njiani na kupigwa risasi ya mkono na afisa wa Polisi wa Utawala. Baada ya hapo mwendeshaji huyo ndiye aliyefunguliwa mashtaka. Alipeleka malalamiko IPOA, na wakili wa haki za binadamu Willie Kimani akamtetea. Mnamo tarehe 23 Juni 2016, wakili, mteja wake na dereva wa teksi waliyokuwa wakisafiria walitekwa baada ya kutoka katika mahakama ya Mavoko. Wakiwa wamezuiliwa katika kambi ya polisi, wakili aliandika ombi la msaada kwenye karatasi ya shashi na kulitupa nje. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk takribani wiki moja baadaye. Julai 2022, Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi pamoja na mpashaji habari wao. Februari 2023, mshtakiwa mkuu alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30.

Mauaji hayo yamejadiliwa sana kama unyama wa watu wachache. Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la msingi lilitangulia utekaji. Kiswahili kina msemo wake kwa jambo hilo: kubambikiwa kesi. Shtaka dhidi ya aliyejeruhiwa hutimiza kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, huyapa maelezo ya afisa hadhi ya hati ya mashtaka, ili risasi isomeke kuwa sehemu ya ukamataji halali. Pili, humgeuza mlalamikaji kuwa mtu wa kujitetea. Badala ya afisa kueleza kwa nini alifyatua, raia analazimika kueleza kwa nini alisimamishwa. Katika tukio la Mavoko kulikuwa na athari ya tatu. Mshtakiwa hana hiari ya kutofika mahakamani, hivyo tarehe na mahali pa kumpata vilijulikana na kila aliyehusika na kesi yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba sheria ya Kenya inapima nguvu kwa ulazima na uwiano, na kwamba vipimo hivyo vinasimama juu ya nguzo ya tatu, yaani wajibu wa kutoa maelezo. Kesi ya Kwale inaonyesha nguzo hiyo ikifanya kazi baada ya maelezo kutoka nje ya kituo. Kesi ya Mavoko inaonyesha gharama ya kuyang'ang'aniza yabaki ndani.

Kutokana na ufafanuzi huu, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, pale mshtakiwa anapokuwa na lalamiko lililosajiliwa IPOA dhidi ya afisa aliyemkamata, uamuzi wa kuendelea na shtaka hilo upitiwe na waendesha mashtaka wasiotegemea faili la kituo hicho, na usalama wa mlalamikaji anapohudhuria mahakama upangwe mapema. Pili, uthibitisho wa majeraha yaliyosababishwa na polisi uanzie hospitalini bila kupitia kaunta ya kituo. Bila hatua za namna hiyo, kauli "nguvu kupita kiasi" itaendelea kutajwa katika taarifa za habari, huku kiasi chenyewe kikiendelea kupimwa na aliyekivuka.