Kazi ya Mama Nyumbani Inahesabika

Hebu tuanze na swali. Ukimwuliza baba mmoja wa kijiji cha pwani, "Mkeo anafanya kazi gani?" mara nyingi atajibu, "Hana kazi, yupo nyumbani tu." Ukimwuliza mama mwenyewe, naye atajibu hivyo hivyo: "Mimi sina kazi. Nipo tu."

Je, jibu hilo ni kweli? Leo tutaitazama siku moja ya mama wa pwani ya Kilwa na Lindi. Kisha tutaona sheria ya nchi yetu inasema nini juu ya kazi yake.

Siku ya mama watoto

Tumchukue mama mmoja wa mfano. Jina lake tuliache. Mumewe humwita mama watoto, nasi tumwite hivyo hivyo. Ana watoto wanne. Mumewe ni mvuvi. Wana shamba la mihogo na ufuta, na mikorosho michache.

Mama watoto huamka saa 11 alfajiri. Anaswali, anawasha moto, anafagia uwanja. Anachemsha mihogo na chai ili watoto wasiende shule na njaa. Kisha anachukua ndoo, anakwenda kisimani.

Kisima kiko mwendo wa robo saa. Kwenda na kurudi ni nusu saa. Kwa siku anachota ndoo 4 za lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi kwa siku moja kichwa chake kinabeba kilo 80 za maji. Ni karibu gunia zima la mahindi! Lakini gunia la mahindi tunaliona, tunalipima, tunaliuza. Maji tunakunywa, tunaoga, yanakwisha. Kesho anaanza upya.

Akirudi kisimani bado kuna vyombo, nguo na mtoto mdogo wa mgongoni. Mchana anakuna nazi, anatwanga, anapika ugali wa muhogo na mchuzi. Alasiri anatafuta kuni. Jioni anapika tena. Usiku, kabla ya kulala, anakaa barazani na wenzake. Wanazungumza, lakini mikono haijakaa. Wanasuka ukili wa mikeka.

Mama anafuata jua na mwezi

Mama wa bara anafuata jua na mvua. Mama wa pwani anafuata jua, mvua, na mwezi pia. Kwa nini? Kwa sababu bahari inafuata mwezi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari inakuwa na bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hapo mwamba unaachwa wazi, na akina mama wanaokota chaza na kutafuta pweza katika mashimo yake. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifika nusu, ni maji mafu. Maji hayatoki vya kutosha na mwamba hauonekani vizuri. Siku hizo mama watoto anakwenda shambani.

Sasa tazama taabu yake siku ya bamvua. Saa 4 asubuhi ni lazima awe mwambani. Bahari haimsubiri mtu. Kwa hiyo maji ya kisimani, vyombo na chakula cha asubuhi vyote viwe vimekwisha kabla. Akichelewa saa moja, maji yameanza kujaa na pweza amempotea. Akirudi, jua liko utosini, watoto wana njaa, na moto bado haujawashwa.

Huyu ndiye mtu tuliyeambiwa kuwa "yupo tu".

Tuhesabu pamoja

Sisi tuliosoma kisomo tunajua kujumlisha. Hebu tufanye hesabu ya siku moja ya mama watoto:

Kuchota maji: saa 2
Kutwanga, kupika na kuosha vyombo: saa 4
Kwenda pwani au shambani: saa 4
Kutafuta kuni: saa 1
Kufua, kufagia na kutunza watoto: saa 2
Kusuka ukili na kuanika samaki: saa 1
Jumla: saa 14

Anaamka saa 11 alfajiri, analala saa 4 usiku. Hizo ni saa 17. Ukitoa saa 3 za kula, kuswali na kupumzika, zinabaki 14. Hesabu inakubali.

Wala si sisi wa kwanza kuhesabu hivi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kuwa wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita watu wengine wote katika nchi, na lilitaja saa 12 mpaka 14 kwa siku. Liliwasema pia wanaume wa vijijini, kwamba wengi wao wako likizo nusu ya maisha yao.

Hatusemi kwamba baba hafanyi kazi. Mvuvi analala baharini, anapigwa na upepo, na pengine anarudi na wavu mtupu. Kazi yake ni ngumu na ya hatari. Lakini kazi ya baba ina jambo moja ambalo kazi ya mama haina. Samaki wanauzwa, fedha inaonekana. Fedha inanunua mabati, na mabati yanaonekana juu ya nyumba. Maji na ugali havionekani juu ya nyumba.

Nani alijenga nyumba?

Jioni moja baba watoto alikaa barazani akalitazama paa lake jipya. Akafurahi, akasema:

"Mama watoto, mabati haya nimeyanunua kwa jasho langu mwenyewe."

"Kweli baba watoto. Na Mungu akuzidishie. Lakini udongo wa kuta hizi ulikandwa kwa maji gani?"

"Ya kisimani, bwana. Kwani kuna mengine?"

"Na nani aliyachota?"

Baba watoto akanyamaza kidogo. "Ulichota wewe."

"Na zile siku ulizokuwa baharini, nani aliwalisha mafundi?"

"Wewe, mama watoto."

"Basi paa ni lako, baba. Lakini kuta zinanijua mimi."

Wote wawili wakacheka. Nyumba yenye mapatano, maneno kama hayo ni mzaha. Lakini ndoa ikivunjika, maneno hayo hayo yanakuwa kesi. Wako akina mama wengi waliokaa katika ndoa miaka 10 au 20, wakatoka na sanduku la khanga na watoto tu. Waliambiwa, "Hukuleta kitu, huondoki na kitu."

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inatumika kwa watu wote, Waislamu, Wakristo na wa mila. Tutaje mambo manne yaliyomo.

La kwanza: mke anayo haki sawa na mume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Pweza akimpata mama, fedha yake ni ya mama. Kuolewa hakumwondolei mtu mali yake.

La pili: nyumba wanayokaa mume na mke isiuzwe wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

La tatu: ni wajibu wa mume kumtunza mkewe, yaani chakula, mavazi na mahali pa kulala, kadiri ya uwezo wake.

La nne: ndoa ikivunjwa na mahakama, mahakama ina uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa jitihada za pamoja. Mahakama itatazama kila mmoja alichangia nini, kwa fedha, kwa mali, au kwa kazi. Itatazama pia desturi za jamii yao, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo.

Lakini kwa miaka mingi palikuwa na ubishi. Kupika na kulea, je, ni kazi ya kuchuma mali? Mahakimu wengine walisema ndiyo, wengine walisema hapana, huo ni wajibu wa mke tu.

Ubishi huo ulikwisha mwaka 1983. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisikiliza kesi ya Bi Hawa Mohamed na aliyekuwa mumewe, Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Mumewe alipata nyumba katika muda wa ndoa yao. Mahakama ikasema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mke anayetunza nyumba anamwezesha mume kwenda kuchuma, kwa hiyo anachuma pamoja naye.

Ukitaka kuelewa sababu yake, fanya hesabu hii. Mume aajiri mchota maji, mpishi, dobi, yaya, na kibarua wa shamba. Awalipe wote watano kila mwezi. Je, fedha ya mabati ingebaki? Fedha ambayo mume hakuitoa kwa sababu mke alifanya kazi bure, hiyo ndiyo imo katika nyumba.

Lakini tusidanganyane. Maana ya hukumu hii si kwamba kila mke atapata nusu. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara, naye akazitapanya. Fedha hizo zikahesabiwa. Basi fundisho lina pande mbili. Kazi ya mama inahesabika, na matumizi ya mama nayo yanahesabika.

Kalamu yako ni shahidi

Mbele ya mahakama, kinachosaidia ni ushahidi. Mashahidi wa kusema wanasahau, au wanaona haya, au wamekwisha kufa. Maandishi hayasahau. Sheria pia inatazama jina. Mali ikiandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine aonyeshe vingine. Ikiandikwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Kwa hiyo wewe uliyejifunza kuandika, usiiache kalamu ikauke.

Nunua daftari la nyumba. Mume na mke liandikeni pamoja, bila kufichana. Kwa mfano:

Machi 3: Mama ameuza pweza kilo 4. Imenunua misumari.
Machi 9: Baba ameuza samaki. Imenunua mabati 2.
Machi 10: Mama na watoto wamechota maji ya kukandika, ndoo 30.

Tunzeni na risiti ndani ya daftari hilo. Mkiomba hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lenu kijijini, ombeni iandikwe majina yenu yote mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Ufuta na korosho zikipelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, jueni zimeandikwa jina la nani, kwa maana fedha itaingia katika akaunti yake.

Na kama mambo yameharibika? Kwa kawaida, kabla ya kufungua kesi ya kuvunja ndoa ni lazima kwanza kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza litajaribu kuwapatanisha. Likishindwa litatoa hati, na hapo mtu anaweza kwenda mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inazo nguvu za kusikiliza mambo hayo.

Tupunguze mzigo

Lakini hatukuandika habari hii ili watu wakimbilie kuachana. La hasha. Tumeiandika ili kazi ionekane, kwa maana kazi ikionekana inaweza kugawanywa.

Mtoto wa kiume ana kichwa cha kubebea ndoo kama dada yake. Baba mwenye baiskeli anaweza kufunga madumu mawili na kuleta lita 40 kwa safari moja. Hiyo ni nusu ya maji ya siku nzima! Siku za bamvua, wakati mama yuko mwambani, aliyebaki nyumbani awashe moto. Akina mama nao wanaweza kupeana zamu ya kulea watoto wadogo. Mmoja anabaki na watoto, wenzake wanakwenda pwani, kisha wanamgawia.

Na baba, siku utakapoulizwa mkeo anafanya kazi gani, usiseme, "Yupo tu." Chukua kalamu, uhesabu saa zake. Kisha ndipo ujibu.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, nani anaamka wa kwanza na nani analala wa mwisho?
2. Andika kazi zote ulizofanya jana na saa ulizotumia. Mwenzako naye aandike zake. Linganisheni.
3. Shamba lenu na nyumba yenu vimeandikwa jina la nani?
4. Ni kazi gani moja ambayo inaweza kuhamishwa leo kutoka kwa mama kwenda kwa mtu mwingine wa nyumbani?