Mboga za Kampala: Mimea hustahimili vipi udongo wenye sumu ya metali?

Kando ya mtaro wa Nakivubo, unaokatiza jiji la Kampala na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, magimbi hustawi kwa majani mapana ya kijani kibichi. Miwa hurefuka, na mchicha, ambao wenyeji huuita dodo, hukatwa asubuhi ukafika sokoni kabla ya adhuhuri. Kwa mpita njia, hakuna dalili yoyote ya hatari.

Hata hivyo, kunawiri kwa mmea si ushahidi kwamba udongo wake ni salama. Kuna mimea inayobaki na afya kwa sababu ina uwezo wa kuificha sumu, na sehemu inakoificha ndiyo inayoamua iwapo mlaji atadhurika.

Sumu hii inatoka wapi?

Metali nzito ni kundi linalojumuisha risasi, kadmiamu, zebaki, shaba, zinki na nikeli. Baadhi yake, kama vile zinki na shaba, huhitajiwa na viumbe kwa kiasi kidogo. Risasi na kadmiamu hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadmiamu hudhuru figo na mifupa.

Mtaro wa Nakivubo hupokea maji ya mvua pamoja na majitaka ya makazi, gereji, karakana na viwanda. Aidha, kwa miongo mingi magari yalitumia petroli iliyochanganywa na risasi, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Mafuta hayo yameondoka, lakini metali haiozi kama maganda ya ndizi. Risasi iliyotua ardhini inaweza kudumu humo kwa vizazi kadhaa.

Tatizo hili halipo Kampala pekee. Magharibi mwa Uganda, mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamelundikana karibu na mto Nyamwamba, ambao mafuriko yake huyasomba kuelekea mashamba ya bondeni.

Mmea hujilinda vipi?

Mzizi hauna macho ya kubagua. Huvuta zinki, chuma na kalsiamu kupitia milango maalumu iliyo katika seli zake. Kwa kuwa kadmiamu inafanana kikemia na zinki, hupenya kupitia milango ile ile, kama mgeni anayeingia kwa kitambulisho cha mwingine.

Kinga ya kwanza huanzia nje. Mizizi hutoa asidi zinazozishika baadhi ya metali na kuzizuia zisiingie, na kuta za seli hunasa kiasi kingine. Kuvu wanaoishi kwa ushirika na mizizi nao husaidia kuizuia sumu isisonge mbele.

Metali ikifanikiwa kuingia, mmea hutengeneza molekuli ndogo zenye salfa, ziitwazo fitokelatini, ambazo wanasayansi walizieleza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1980. Molekuli hizi huikamata metali na kuifunga. Kisha mzigo huo husafirishwa hadi kwenye vakuoli, yaani ghala la ndani ya seli, ambako hufungiwa mbali na shughuli nyeti za uhai.

Ulinzi huo una gharama. Nguvu na salfa zinazotumika kujikinga zingeweza kutumika kukua. Ghala likijaa, majani hubadilika kuwa ya manjano, mizizi hudumaa na mavuno hupungua. Lakini sumu inaweza kufikia kiwango cha kumdhuru mlaji muda mrefu kabla mmea haujaonyesha dalili hizo.

Kwa nini mboga za majani ziangaliwe zaidi?

Mimea mingi huzuilia sehemu kubwa ya risasi mizizini. Kadmiamu hupanda kwa urahisi zaidi hadi kwenye majani. Matunda na mbegu kwa kawaida hupata kiasi kidogo zaidi.

Kuna pia njia ya hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ulioongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulichunguza udongo na mboga kandokando ya barabara za Kampala. Ulibaini kuwa risasi nyingi katika majani ilitokana na vumbi lililotua juu yake, na kwamba uchafuzi ulipungua haraka kadiri mtu alivyosogea mbali na barabara. Watafiti walipendekeza mboga za majani zilimwe umbali wa mita 30 kutoka barabara zenye magari mengi.

Je, mimea inaweza kuusafisha udongo?

Ipo mimea inayokusanya metali badala ya kuikwepa. Katika kisiwa cha New Caledonia, mti uitwao Pycnandra acuminata hutoa utomvu wa rangi ya buluu na kijani wenye nikeli inayofikia robo ya uzito wake mkavu. Huko Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maua yanayopenda udongo wa shaba yamewasaidia watafiti kutambua mahali ambapo wahunzi wa kale waliyeyusha madini.

Kampala nayo ina mafunjo. Mizizi yake katika ardhi oevu ya Nakivubo hunasa tope na metali kabla ya maji kuingia katika ghuba ya Murchison, ambako kituo cha Ggaba huteka maji ya matumizi ya jiji. Kila eneo la mafunjo linalogeuzwa shamba au kiwanja hupunguza chujio hilo.

Hata hivyo, usafishaji kwa njia ya mimea huchukua miaka mingi, na mimea iliyokwisha kunyonya sumu lazima iteketezwe au ihifadhiwe kwa uangalifu. Kuilisha mifugo ni kuirudisha sumu mezani.

Mkulima na mlaji wafanye nini?

Kuosha mboga kwa maji mengi safi huondoa vumbi, ingawa hakuondoi kilichomo ndani ya jani, na kupika hakuiharibu metali. Mbolea ya samadi iliyooza vizuri, na chokaa katika udongo wenye asidi, hupunguza kiasi cha metali kinachofyonzwa na mizizi. Katika eneo lenye shaka, mazao ya nafaka, kama vile mahindi, ni afadhali kuliko mboga za majani.

Kwa familia nyingi, shamba la kando ya mtaro ndilo karo na chakula cha jioni, na kuwaambia waliache bila kuwapa ardhi nyingine si suluhisho. Wanachohitaji kwanza ni kupimiwa udongo, kwa sababu jani la kijani halitawaambia kilichomo.