Tumbo la Mtihani: Je, Wasiwasi wa Mwanafunzi Unapimika?



Kila mwaka mitihani inapokaribia, sisi wauguzi hapa Msalato huwapokea wagonjwa wa namna moja. Ni wanafunzi, hasa wa bweni. Tumbo linasokota, kichwa kinagonga, usingizi haupatikani. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima choo na mkojo, ni safi. Tunatoa dawa ya maumivu, mtoto anarudi shuleni, na baada ya siku chache yuko tena kwenye benchi letu.

Msichana mmoja alikuja mara nne katika mwezi mmoja. Mara ya nne tulifunga mlango, tukaweka kalamu chini na kumwuliza: "Mwanangu, unaogopa nini?" Alilia kwanza. Kisha akasema: "Mama, baba ameuza ng'ombe wawili nisome, na hesabu zinanishinda." Mara tatu za kwanza tulipima damu yake, lakini hatukumwuliza lolote. Kosa lilikuwa letu.

Wasiwasi ni nini?

Wasiwasi ni tahadhari ya mwili. Ubongo ukihisi hatari, mwili hutoa homoni ya adrenalini. Moyo hwenda mbio, viganja hutoa jasho, tumbo huvurugika. Kwa hiyo mtoto anayelalamika tumbo asubuhi ya mtihani huenda hasingizii. Tumbo linauma kweli. Wasiwasi kidogo humfanya afungue daftari. Ukidumu wiki nyingi, ukamnyima usingizi, chakula na masomo, umekuwa ugonjwa unaohitaji tiba.

Funzo la Kashasha

Nchi yetu ina mfano unaojulikana duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya misheni ya bweni ya wasichana huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Walimu hawakupatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, wasivipate. Wakahitimisha kwamba chanzo kilikuwa katika hisia, na kwamba hali hiyo iliambukizana kwa kuonana. Hata leo wasichana wakianguka bwenini, wengi wetu hukimbilia kusema ni mapepo au wamerogwa. Ni vizuri kwanza kuwauliza, mmoja mmoja na kwa upole, wanabeba mzigo gani moyoni.

Dodoso hupima nini?

Wasiwasi hauonekani kwa darubini. Kwa hiyo wataalamu hutumia dodoso, yaani karatasi ya maswali yaliyopangwa, kila mtu akiulizwa kwa maneno yale yale. Mojawapo linalotumika sana ni GAD-7, lililotolewa Marekani mwaka 2006. Lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: kwa mfano, umekuwa na wasiwasi usioweza kuuzuia? Umeshindwa kutulia? Umekuwa mwepesi wa kukasirika? Jibu la "hapana kabisa" ni 0, "siku kadhaa" ni 1, "zaidi ya nusu ya siku" ni 2, "karibu kila siku" ni 3. Jumla ya juu ni 21. Anayefikisha 10 anahitaji kuonwa na mtaalamu.

Maneno nayo hupimwa. Huku kwetu mgonjwa husema "moyo unanienda mbio" au "nina mawazo mengi". Tafsiri isiyofuata usemi wa watu huleta majibu ya uongo. Ndiyo maana watafiti wa Kilifi, Kenya, waliijaribu GAD-7 ya Kiswahili kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakachapisha matokeo mwaka 2020.

Mambo matatu ya kukumbuka

1. Dodoso ni kama kipimajoto. Linaonyesha kuna homa, halisemi imetoka wapi. Alama 12 hazimfanyi mtoto kuwa mgonjwa wa akili. Zinatuambia tukae naye tuzungumze.

2. Majibu ni siri. Mwanafunzi akijua karatasi itasomwa mbele ya darasa, au itafika kwa mwalimu anayemwogopa, ataandika 0 kila mahali. Karatasi itaonekana nzuri, na mtoto ataendelea kuumia.

3. Asiulize asiyejiandaa kusaidia. Kumfungua mtoto kidonda na kumwacha hivyo ni ukatili. Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni nzito walipimwa kwa madodoso, kisha wakakutana katika vikundi kwa wiki 4. Vikundi viliongozwa na vijana waliomaliza shule na kupewa mafunzo. Katika vikundi vingine walifundishwa mbinu za kusoma. Katika vingine walijifunza shukrani, kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, na kuishi kwa yale wanayoyathamini; hawa ndio waliopata nafuu zaidi. Kumbe msaada si lazima uwe wa gharama kubwa.

Mzazi afanye nini?

Nyumbani huhitaji karatasi. Mtoto akija likizo, mpe siku mbili apumzike kabla ya kuuliza matokeo. Mkiwa mnapepeta mtama au mnarudi mnadani, muulize: Unalala vizuri? Unakula? Kuna kinachokutisha shuleni? Kisha nyamaza umsikilize. Huenda ni hesabu, huenda ni viboko, huenda ni mtu anayemsumbua. Usimkumbushe kila siku ng'ombe waliouzwa. Anawakumbuka.

Wasiwasi ukizidi wiki mbili na kumzuia kusoma, mleteni kituo cha afya. Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma ina wataalamu wa afya ya akili. Kwenda huko si aibu. Mtoto akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Yule msichana hakupewa kidonge cha tano. Tulimwita baba yake, wakazungumza mbele yetu kwa saa nzima. Mzee alimwambia: "Ng'ombe nitapata wengine, wewe sitapata mwingine." Hajarudi tena kwenye benchi letu kwa sababu ya tumbo.