Usinunue Piano kwa Masikio Peke Yake

Juma lililopita msikilizaji mmoja alinisimamisha pale kituo cha Posta, Dar es Salaam. "Bwana mtangazaji," akaniambia, "nataka kumnunulia binti yangu piano ya kidijitali. Nichague ipi?" Nilimjibu kwa hasara iliyonipata mimi mwenyewe.

Binti yangu alipoanza kujifunza, niliingia duka moja nikaonyeshwa kinanda chenye taa za kumetameta. Muuzaji alibonyeza kitufe kimoja tu, mara ngoma, tarumbeta na gitaa vikalia vyenyewe. Nikalipa papo hapo. Mwaka mzima mtoto alijifunzia kinanda hicho. Siku ya mtihani aliketishwa mbele ya piano halisi ya mbao. Vidole vikashindwa. Sauti nyingine hazikutoka kabisa. Alirudi nyumbani akilia, na kosa halikuwa lake.

Kwa nini? Piano, aliyoibuni Mwitaliano Bartolomeo Cristofori yapata mwaka 1700, hutoa sauti kwa nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Kidole ndicho kinachorusha nyundo hiyo. Piano ya kidijitali haina nyuzi, bali hutoa sauti zilizokwisha kurekodiwa au kuundwa kwa kompyuta. Lakini iliyo nzuri huwekewa nyundo bandia ndani, ili kidole kihisi uzito ule ule. Kinanda changu hakikuwa nazo. Kilibonyea kama swichi ya taa.

Basi, ndugu msomaji, ukifika dukani fanya hivi. Kwanza, hesabu vibonyezo. Piano kamili ina 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Changu kilikuwa na 61. Pili, mwombe muuzaji azime umeme, kisha ubonyeze. Visikie vizito kidogo, na vya kushoto vizito kuliko vya kulia. Tatu, washa, ubonyeze kimoja polepole, halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika, aga uondoke.

Nne, uliza ni sauti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja. Zikiwa chache, mwanafunzi akikanyaga pedali ili sauti ziendelee, za mwanzo hukatika njiani. Zisipungue 64. Tano, soma kibandiko cha umeme. Hapa kwetu ni volti 230, lakini mashine ya mtumba kutoka Japani huenda ni ya volti 100, na ya Marekani 120. Ukiichomeka hivi hivi, utanunua moshi.

Mwisho, hakikisha ina tundu la visikilizio vya masikioni. Sisi wa nyumba za kupanga tunajua thamani ya jirani aliyelala.

Hizo sauti mia tano na taa za rangi si hoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinanda changu kilijitembeza kweli kweli, nami nikakifuata.

Hadi juma lijalo.