MAY, MIGHT, COULD NA MUST: Tuseme Tunachokijua na Tunachokidhania



Ndugu zetu wanafunzi, pamoja na wazee wetu mnaolisoma jarida hili majumbani, katika makala hii tunapenda kuzungumzia maneno machache ya Kiingereza ambayo ni madogo kwa herufi lakini makubwa kwa maana. Nayo ni may, might, could, must na can't. Wengi wetu tumeyahifadhi tangu shule ya msingi, lakini tunapoyatumia tunayachanganya, na mara nyingine mchanganyiko huo humdhulumu mtu.

Tuchukue mfano. Kitabu cha mwanafunzi kimepotea, na mwenzake mmoja ndiye aliyetoka darasani mwisho. Mwenye kitabu anamwandikia mwalimu wa Kiingereza: "She must have taken my book." Moyoni alikusudia kusema, "Huenda amekichukua." Lakini alichokiandika ni, "Hapana shaka amekichukua yeye." Kesho yake kitabu kinaonekana chini ya dawati. Kitabu kimepatikana, lakini jina la mwenzake limekwisha kuchafuka. Lau angeandika, "She might have taken my book by mistake," mwalimu angeuliza tu, wala asingemshutumu mtu.

Sisi Waislamu tumeonywa juu ya dhana mbaya, na jambo hili limetajwa katika Suratul Hujurat. Basi ni vyema tujue kuitamka dhana kuwa ni dhana, kwa lugha yoyote tunayoizungumza.

NGAZI ZA UHAKIKA

Kwa Kiswahili tunasema labda, huenda, pengine, yamkini. Mara nyingi neno hilo tunaliweka mwanzo, kisha sentensi inafuata: "Huenda mvua ikanyesha." Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo, kama perhaps na maybe. Lakini njia yake kubwa ni kutia kitenzi kisaidizi baina ya mtenda na kitenzi kikuu: "It may rain."

Sasa tuseme tumekaa nyumbani baada ya sala ya Isha, na mtu anabisha hodi. Ni nani?

1. "It might be Father." Huenda ni baba. Hatuna dalili ya kutosha, na anaweza kuwa mtu mwingine. Hapa twaweza pia kutumia may au could. Wako wanaoona kuwa might ni dhaifu kidogo kuliko may, lakini katika mazungumzo ya kila siku tofauti hiyo ni ndogo.

2. "It must be Father." Hapana budi ni baba. Hatujamwona, lakini tumesikia kikohozi chake na kengele ya baiskeli yake. Dalili zimetosha.

3. "It can't be Father." Haiwezekani kuwa ni baba. Yuko safarini, na sasa hivi amepiga simu kutoka huko aliko.

4. "It is Father." Ni baba. Mlango umefunguliwa na tumemwona kwa macho. Hapa hatuhitaji kitenzi kisaidizi.

Tuzingatie ngazi ya pili na ya nne. Anayesema must bado anakisia, ila anakisia kwa dalili zenye nguvu. Aliyekwisha kumwona baba hasemi must. Na asiye na dalili hana haki ya kulitumia neno hilo. Atosheke na might.

MAKOSA YANAYOTOKEA SANA

La kwanza ni kuongeza visivyohitajika. Tunasikia "He may to come" na "She mights know." Vitenzi hivi havichukui herufi s, na kitenzi kinachofuata hakitanguliwi na to. Sahihi ni "He may come" na "She might know."

La pili ni kukanusha must. Mtu anataka kusema, "Lazima hayupo nyumbani," akaandika, "He mustn't be at home." Wengi watafahamu kuwa anakataza: asiwepo nyumbani! Aandike, "He can't be at home."

La tatu ni can. Tunasema "It can rain heavily in April," kwa kuwa tunaeleza tabia ya mwezi huo. Lakini kwa mvua ya jioni ya leo hatusemi "It can rain this evening." Tunasema "It may rain", "It might rain" au "It could rain this evening."

La nne ni kuchanganya could not na might not. "My brother could not come" maana yake kaka yangu hakuweza kuja. Jambo limekwisha kupita. "My brother might not come" maana yake huenda asije; bado tunamngojea. Angalieni ukiwapelekea wenyeji wa karamu sentensi isiyo yake!

La tano ni wakati uliopita. Hatusemi "He might went" wala "He might has gone." Tunasema "He might have gone," huenda amekwenda. Hiyo have haibadiliki, akiwa ni mmoja au wengi.

La sita ni la maandishi. Maybe likiwa neno moja ni labda: "Maybe she is ill." May be yakiwa maneno mawili ni kitenzi: "She may be ill." Maana zinakaribiana, ila mahali pake katika sentensi ni mbalimbali.

MAY YA RUHUSA NA MAY YA DUA

Mwalimu akisema, "You may go out," hakisii kitu, anatoa ruhusa. Akisema, "You may not go out," amekataza. Kwa hiyo "He may not go out today" inaweza kufahamika kwa njia mbili: haruhusiwi kutoka, au huenda asitoke. Tukikusudia huenda, might not ni wazi zaidi.

Tena iko may tunayoisikia kila siku katika mawaidha ya Kiingereza: "May Allah forgive us." Maana yake si "Huenda Mwenyezi Mungu akatusamehe." Ni dua: Mwenyezi Mungu atusamehe. Alama yake ni kuwa may imetangulia mbele ya mtenda. Ukiigeuza ukasema, "Allah may forgive us," dua imeondoka, umebaki uwezekano. Mpangilio wa maneno mawili tu umeibadili maana yote.

ZOEZI

Andikeni kwa Kiingereza, kisha mlinganishe na majibu:

(a) Huenda amepotea njia.
(b) Hapana budi wamechoka. Wametembea tangu alfajiri.
(c) Haiwezekani kuwa amelala. Taa inawaka na anasoma kwa sauti.

Majibu: (a) He might have lost his way. (b) They must be tired. They have been walking since dawn. (c) She can't be asleep. The light is on and she is reading aloud.

Tunawanasihi ndugu zetu: kabla ya kuandika must juu ya mtu, tujiulize, "Dalili yetu ni ipi?" Tukikosa jibu, tuandike might.

Wabillahi tawfiq.