Kidimbwi ‘kisicho na klorini’: Uliza kabla ya kulipa

Likizo inapowadia, mzazi wa Burnt Forest anayetaka wanawe waogelee huwapandisha matatu hadi Eldoret, umbali wa kilomita 35 hivi, ambako hoteli kadhaa zina vidimbwi. Huenda akaambiwa langoni kwamba maji ya hapo husafishwa kwa miale, kwa ozoni au kwa madini, na kwa hivyo hayana klorini ya kuwasha macho. Ndugu msomaji, ukisikia hivyo usiharakishe kulipa. Uliza kwanza: mtoto mmoja akijisaidia majini, ni kitu gani kitakachoua viini kabla havijamfikia aliye karibu naye?

Mtambo wa miale ni taa iliyofungwa ndani ya bomba. Hutoa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, na maji yanapopita mbele yake viini huharibiwa hata visiweze kuzaana. Ozoni ni gesi inayotengenezwa kwa umeme. Huchanganywa na maji huko mtamboni, ikaua viini kwa nguvu kuliko klorini, kisha ikatoweka. Mtambo wa madini nao hutoa chembechembe za shaba na fedha. Shaba huzuia maji kugeuka kijani, na fedha huua bakteria, lakini polepole mno kwa mahali palipojaa watu.

Miale na ozoni zina upungufu mmoja mkubwa: hutibu maji yaliyo mtamboni tu. Yakisharudi kidimbwini hayana kinga yoyote. Kuyazungusha maji yote ya kidimbwi huchukua saa kadhaa, ilhali mtoto humeza funda moja kufumba na kufumbua. Klorini hukaa humo humo majini. Ikiwa miligramu 1 kwa kila lita, na uchachu wa maji umepimwa ukawa sawa, huua bakteria wa E. koli kwa chini ya dakika 1, na virusi vya homa ya ini aina ya A kwa dakika 16 hivi. Kwa hiyo mitambo hii ni msaidizi wa klorini. Anayeiuza kama mbadala anakudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Mbona basi inunuliwe? Sababu kubwa ni kimelea kiitwacho kriptosporidia, ambacho klorini ya kiasi hicho huhitaji zaidi ya siku 10 kukiua. Burnt Forest ni nchi ya ng’ombe wa maziwa, na kimelea hiki hupenda matumbo ya ndama wachanga. Mtoto akimhudumia ndama anayeharisha, kisha akala bila kunawa kwa sabuni, anaweza kukimeza na baada ya siku chache akaanza kuendesha. Akiingia kidimbwini katika hali hiyo, huwaambukiza wenzake hata kama klorini ipo. Mwaka wa 2005 maelfu ya watu walihara baada ya kucheza kwenye chemchemi za maji za bustani ya Seneca Lake, katika jimbo la New York, Marekani. Baada ya mkasa huo jimbo liliamuru chemchemi za namna hiyo ziwekewe miale.

Miale pia hupunguza ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni ya klorini nyingi. Kwa kweli harufu hiyo hutokana na klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo. Kidimbwi kinachonuka sana kwa kawaida kinahitaji maji mapya na waogeleaji waliooga kwanza.

Mwenye kidimbwi katika nyanda hizi ana adui mwingine: jua la Ikweta, ambalo huila klorini mchana hata siku ya baridi. Apime asubuhi na tena wakati wa kuogelea, kwa kile kifaa cha rangi ambacho hakihitaji fundi. Umeme ukipotea, taa na ozoni huzimika papo hapo. Taa yenyewe hudhoofika baada ya mwaka mmoja hivi wa kazi, ingawa bado utaiona ikiwaka.

Mtu mwenye afya njema hupona kuhara kwa kriptosporidia baada ya wiki moja au mbili, au zaidi kidogo. Kwa mwenye kinga hafifu, kama anayeishi na virusi vya Ukimwi na hajaanza dawa, ugonjwa huo unaweza kumuua. Na aliyepona anaweza kuendelea kutoa vimelea kwa wiki kadhaa, kwa hivyo asiingie majini hadi wiki 2 zipite tangu tumbo litulie, hata kama tikiti imeshalipiwa.